Ndara ya Kushoto

Kiingilio elfu tano, picha elfu mbili zaidi,
na mlangoni kijana wa Chikongola ananigonga muhuri mkononi
kama gunia lililokwisha kupimwa.
Ukumbi unanuka rangi mpya na bisi.
Mashabiki wa mieleka wa kusini nzima wamo humu,
wa Newala, wa Liwale, mmoja kavaa kinyago
alichoshonewa na mkewe kwa kipande cha khanga,
matundu ya macho hayalingani:
anagonga nguzo, anaiomba radhi nguzo.

Foleni ya Radi ya Rondo imetoka nje,
imezunguka choo, imefika kwa mama wa mihogo.
Radi mwenyewe simwoni. Naona mkono tu ukipanda,
na kila ukipanda watu wazima wanafuta machozi.

Mimi sikuja kwa Radi.
Nimekuja na mfuko wa rambo, ndani ndara moja,
ya kushoto, ya bluu, kisigino kimelika upande.

Nachingwea, mwaka korosho zilipokosa bei.
Uwanja wa shule, ulingo wa mbao na magodoro ya bweni.
Aliingia wa mwisho, tumbo mbele, bakuli mkononi,
na kipaza sauti kikakohoa: Kangomba!
Akamwendea bibi wa mstari wa mbele,
akampimia hewa, akaifuta juu kwa kiganja
(hapana, hakufuta; alirundika mpaka ikamwagika)
kisha akamlipa hewa nyingine.
Robo yetu tulicheka.
Baba alikuwa ameuza msimu mzima, maua yakali mtini,
kwa bakuli kama lile.
Alikaa kando yangu akitazama vidole vyake.
Nikavua ya kulia.
Sikulenga. Mkono ulilenga wenyewe.
Nikarudi nyumbani mguu mmoja peku
na mama akanichapa kwa hiyo iliyobaki.

Meza yake iko kando ya stoo ya viti.
Hana foleni. Ana miwani, ana chupa ya maji,
anasoma karatasi ya bei za salfa.
"Karibu, dada," sauti ya mtu wa duka la dawa,
anayekueleza kutwa mara mbili, baada ya chakula.
Naiweka ndara mezani.
Hakuuliza kitu. Akavua miwani polepole,
akainua nyusi ya kulia, na hapo
ngozi imeshonwa ovyo kuliko kile kinyago cha khanga.

"Nachingwea," akasema.
"Nachingwea."
"Mwenzake dereva aliikata akazibia bomba la rejeta.
Ilitufikisha Tunduru."

Nilikuja na maswali, nilikuwa nimeyaandika:
kama kuanguka kunauma,
kama Radi alijua tangu asubuhi kwamba atashinda.
Likatoka moja ambalo sikuliandika.
Lile bakuli ulilipata wapi?

"La nyumbani," akasema.
"Mtu alilisahau kwetu, siku aliyokuja kununua."
Akarudisha miwani machoni, akaifuta ikiwa machoni.

Kalamu iliteleza juu ya mpira, akakoleza mara mbili:
*Kwa Somoe, aliyepatia.*

Hapo watoto watatu wakapita, fulana za Radi hadi magotini,
na mdogo wao, mwenye bisi shavuni, akamwona.
"Mwizi!"

Mzee akanitazama, kama anayeomba ruhusa.
Miwani ikaingia mfukoni. Kiti kikaanguka.
Tumbo likatangulia, shingo ikapotea mabegani,
akaikamata chupa ya maji kama mizani,
akanguruma: "KILO NI NINAYOSEMA MIMI!"
Foleni ya Radi ikakatika katikati.
Mama wa mihogo akaja na mwiko.
Yule wa kinyago akazomea akiwa ameelekea ukutani.
Nami nikapanda juu ya kiti,
ndara kwapani, wino haujakauka,
nikamzomea
kwa heshima zote,
mpaka sauti ikakauka.