Kijaluba cha Kioo

Kijaluba cha babangu,
cha bati, chenye mafungu,
kimo kwenye meza yangu
dukani Lamu, Langoni.

Popoo naipasua,
chokaa napakazia,
na tumbaku nikitia
nauza kwa hamsini.

Chini ya ulimi wangu
kipele, punje ya dengu.
Nikasema, "Jino langu
limekwaruza pembeni."

Mwezi, miwili, mitatu,
sikuwaambia watu.
Pilipili, sithubutu,
ikafukuzwa jikoni.

Famau, mume wa dada,
alikatwa nyama. Shida:
wiki saba na ziada
jibu likawa njiani,

Mombasa hadi Mokowe,
boti nayo ingojewe;
lilipofika, mwenyewe
alikuwa kaburini.

Juzi kaja Hiribae
wa zahanati. "Nikae?"
Akatoa, nishangae,
kijaluba mfukoni.

Cha kioo. Kwenye moyo
kina mito ipitayo;
unywele mbele ya hiyo
ni kamba ya forodhani.

"Tema," kasema, "kidogo,
bila kisu, bila zogo,
bila kubeba mzigo
wa safari baharini."

Mate! Ndiyo biashara:
kuta zote yamechora.
Leo yamekuwa bora,
ya kupimwa kwa makini?

Tone likashika njia,
lenyewe likatambaa;
sisi wawili twakaa
robo saa mlangoni.

"Kwenye mito mna chambo:
chembe zilizo na mambo
hunata kwenye ulimbo,
zibakie ukingoni."

Kaja kijana wa punda,
tambuu anaipenda.
Nikamwambia, "We, nenda,
leo hakuna majani."

Uongo. Kapu li tele,
limelowa maji, pale;
ila meno yake yale
meupe bado kinywani.

Doa likajitokeza,
buluu ya kukoleza.
Hiribae kaeleza
huku atazama chini:

"Si hukumu, ni dalili;
kesho uje hospitali.
Kidonda, ukikabili,
bado kiko utotoni."

Nikamuwaza Famau:
bahasha yake, buluu,
dada kaiweka juu
ya kabati la chumbani.

Usiku, taa kuzima,
ulimi nikaupima:
punje ya dengu, nzima,
bado imelala ndani.

Sasa kijaluba hiki
cha baba, cha bati, hiki,
kina kadi ya kliniki
na nauli: hamsini.