Mlima Nyuma ya Bibi Harusi

Ingia nyumba yoyote Kibokoni au Kuze,
omba kuoneshwa picha ya harusi ya mwenye nyumba.
Nyuma ya kiti, nyuma ya maua ya plastiki,
utaona mlima wa vilele viwili,
kimoja kikubwa, kimoja kidogo, kama mama na mwana.
"Hiyo Kilimanjaro," utaambiwa. "Kibo na Mawenzi."
Miaka kumi na mmoja tulisema hivyo,
na Bwana Petro wa Studio Petro hakutusahihisha.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiupaka rangi.
Hewa ya chumvi hula kila kitu hapa, hata turubai,
basi kila Shaabani, kabla ya watu wa Idi,
hunipa brashi na kopo: "Mwanate, tia theluji."
Mimi, niliyeijua baridi kwenye sanduku la samaki!
Nikitia nyeupe, akitikisa kichwa.
"Theluji si sanda. Chini yake ina buluu,
kama mshipa wa mkono."

Kiswahili chake cha Marikiti, ngeli zimegombana:
"Mtoto, kaa kizuri. Bibi, shingo juu mdogo."
Aliwapiga mabaharia, maharusi, mahujaji wa paspoti;
yeye hakupigwa hata moja.
Lenzi ikimgeukia, ghafla ana kitu cha kuokota chini.

Jumanne ile alikuwa na mahamri manne ndani ya gazeti
na bakuli la mbaazi.
Watu wawili, pikipiki moja.
Nilidhani jirani anakung'uta zulia, mara tatu.
Nilipofika, tui lilikuwa likishuka ngazi polepole
na mkono wake umelala, kiganja juu.
Nikautazama mshipa.
Alisema kweli kuhusu buluu.

Redio ya saa tatu usiku ndiyo iliyotwambia.
Si Petro. Si Mgiriki wa Kupro.
Zaveni, Muarmenia, kamanda wa watu wa siri,
aliyelelewa na bibi aliyetembezwa jangwani utotoni
akawazika nduguze kwa kucha;
aliyewafunza vijana bunduki, akafungwa, akatoroka;
aliyetuma sanduku kwenye ofisi ya ndege, mji wa mbali.
Watu watano.
Mmoja alikuja kubadilisha tarehe ya tiketi, basi.

Barazani wakagawanyika mafungu.
Huyu: "Kalipa deni la wazee wake."
Yule: "Deni gani hulipwa kwa mtu asiyekukopa?"
Mwalimu Msellemu akasema mlima ule ni Ararati,
ilikotua safina ya Nuhu, ingawa sisi twasema Judi;
kwamba kwao huonekana kila asubuhi dirishani,
na mpaka umepita katikati: wao kwa macho, si wao kwa miguu.
Nami nilikuwa na risiti mia na ishirini
za watu waliolipa nusu, wanataka picha zao.

Askari walitaka sura yake. Hatukuwa nayo.
Tulimzika Mbaraki, watu tisa.
Padri Mgoa alisoma Kilatini, kwa sababu
hakuna aliyejua lugha ya kumwambia kwaheri.
Nilitaka kulia, nikamkumbuka yule wa tiketi:
alikuwa akiahirisha safari, au akiiharakisha?
Kilio kikakwama kooni kama mwiba wa samaki.

Turubai iko chini ya kitanda changu, imekunjwa.
Binti yangu alipoolewa aliitaka.
Nikamwambia imeliwa na mchwa.
Kila Shaabani naikunjua sakafuni,
nafungua kopo, nakaa.
Mwaka jana sikupaka kitu.
Mwaka huu nimepaka kilele kidogo tu,
buluu kwanza.