Ubao wa Bi Mwanamize

Kila alfajiri mimi ndiye mwandishi wa ubao:
chaki nyeupe ya vyakula, ya buluu ya vinywaji,
na pembeni, kwa hati ndogo isiyofutwa,
Kukopa harusi, kulipa matanga.

Siku kima kipya kiliposomwa redioni
Jumwa alikuwa akikanda unga wa mahamri.
Hakushangilia. Alisimamisha mikono tu,
unga umemganda hadi vifundoni,
akauliza, "Na sisi tumo?"
Tumo, nikamwambia. Wapishi, wahudumu, waosha vyombo,
hata hoteli ya meza saba nyuma ya soko la Malindi imo.

Bi Mwanamize akaingia na daftari lake la jalada gumu
na, kama ilivyo desturi yake akibanwa,
akatoa ubeti kabla ya salamu:

    Kima kimepanda juu, nami sikushirikishwa,
    Mchele bei ni kuu, mkaa haujashushwa,
    Nadaiwa karafuu, bizari nimekopeshwa,
    Semeni, wangu wakuu, mizani yasawazishwa?

Kisha akaacha tungo, akashika kalamu.
Watu sita mara nyongeza, mara miezi kumi na miwili,
tena miezi yenyewe si ndugu:
Mei na Juni mji hulala,
hoteli za Wataliano hufunga malango,
na watunza bustani wao, ambao ndio wateja wetu,
hurudi kwao Ganze kupalilia mahindi.

"Futa mia na hamsini, andika mia na sabini."
Nikafuta kwa kiganja.
"Hamri libaki shilingi kumi," akamgeukia Jumwa,
"lakini mkono wako uwe mwepesi."
Mkono ukawa mwepesi.
Baishi fundi pikipiki akalinyanyua hamri kwenye mwanga,
"Hili nalo limefunga Ramadhani peke yake?"
Akalila. Akaagiza jingine.

Mbwarali, ambaye kila Desemba
hututoroka kwenda kubeba sahani ufukweni,
mwaka huu kabaki.
Si kwa mapenzi. Tofauti ya mshahara
imekuwa ndogo kuliko nauli.

Tsuma, mwosha vyombo, alipunguzwa siku.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, basi.
Kwa siku anapata zaidi, kwa mwezi pungufu.
Nilimfanyia hesabu hiyo juu ya karatasi ya majani ya chai,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni
kama hundi ya kwenda kulipwa.
Sheria imemwongeza, daftari limempunguza,
hajui amshukuru nani, amnunie nani.

Na Jumwa, mwisho wa mwezi,
alilifuta jina lake kwenye duka la Bahasan,
deni la miezi kumi na mmoja,
kisha akamnunulia bintiye viatu vya shule
vikubwa kwa vidole viwili, vya kukulia.
Ijumaa Bahasan akaja na wapwa zake kula pilau,
akalipa kwa noti yenye doa la hina,
noti ile ile niliyomhesabia Jumwa.
Nikamwonyesha Bi Mwanamize.
Akaigeuza huku na huku.
"Imerudi," akasema. "Lakini imechoka."

Jumamosi Tsuma aliingia kwa mlango wa mbele.
Shati limepigwa pasi. Akakaa meza ya dirishani,
akasoma ubao kama mgeni.
Chaki yangu haifutiki vizuri:
chini ya mia na sabini
mia na hamsini bado inachungulia.
"Ya leo ni ipi?"
"Ya juu."
"Basi nipe chai ya rangi."

Akainywa polepole.
Alipomaliza akabeba kikombe hadi karoni,
akafungua bomba.
Bi Mwanamize akainua kichwa kutoka daftarini,
"Tsuma, leo si siku yako."
"Najua," akasema,
akakisuuza tena.