Nyimbo Mia Bora, Wodi ya Figo

Senga ndiye aliyelileta jarida,
limeviringishwa kwapani, jalada limelowa mvua ya Dundee:
NYIMBO MIA BORA ZA MIAKA YA THEMANINI.
Akamrushia Murdo juu ya blanketi
kabla muuguzi hajampata mshipa.
"Soma," akasema, "ukasirike mapema."

Tuko watatu upande wa dirishani,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Damu inatutoka, inafuliwa, inaturudia,
na kwa muda wa saa nne hakuna anayeweza kususa
akainuka akaenda zake.
Ndiyo maana tunagombana vizuri.

Nambari moja: vinanda, machozi,
vijana wanne wa kusini wenye nywele kama mifagio.
"Huo uliuzwa tu," Murdo akaguna.
"Hata viazi vinauzwa."
"Ungepewa sahani ya viazi sasa hivi," akajibu Senga,
"ungeuimba huo wimbo umepiga magoti."
Tukacheka kwa uangalifu, kila mtu mkono mmoja umetulia.
Viazi tumekatazwa sote.

Nambari sabini na moja ndiyo iliyomuuma Senga.
Wimbo wa wasichana wa hapa hapa, wa mtaa wa Lochee,
uliopigwa redioni wiki ile kiwanda cha magunia kilipofungwa,
wanawake mia mbili wakiuimba juu ya kelele za mashine
mpaka msimamizi akazima umeme,
nao wakaendelea gizani.
"Sabini na moja! Nani aliyehesabu? Alikuwa wapi?"
Murdo, aliyewahi kupiga gitaa la besi harusini na hatuachi tusahau,
akasema mwimbaji yule yuko chini ya noti, ubeti mzima.
"Alikuwa amechoka," Senga akasema. "Sikiliza vizuri. Ametoka zamu."

Wakanigeukia mimi, kama kawaida, niwe hakimu.

Mimi muongo ule niliumaliza baharini,
kwenye mtambo wa mafuta, na kaseti moja ya mpishi.
Utepe wake ulikuwa umevutika:
ubeti wa pili ulilegea, sauti ikazama
kama mtu anayeshuka ngazi huku akifikiri,
halafu kiitikio kikamkuta chini, kikampandisha mbio.
Miaka kumi baadaye nikausikia wimbo huo dukani, mzima, mnyoofu,
nikasimama na kopo la maharage mkononi
nikidhani wameuharibu.
Humu umepewa nambari tisa.
Lakini huo si wangu. Wangu haumo.
Wangu una nakala moja duniani, na mpishi yule, Torquil,
nilisikia aliuza gari lake pamoja na vyote vilivyokuwa ndani.

"Hiyo si hoja," akasema Murdo, "hiyo ni kaseti mbovu."
Akainua kidole kuanza kunifundisha:
kwanza, ngoma zake ni za mashine; pili,
na pili hakuifikia.
Uso ukageuka rangi ya nta. Kengele ikalia.
Priya, muuguzi aliyezaliwa muongo ule ukiwa umeshapita,
akakilaza kiti, miguu juu, kichwa chini,
akamwita jina lake mara tatu.
Jarida likaanguka, likajifungua kwenye tangazo la spika.
Senga alinyoosha mkono ulio huru,
haukufika, akauacha hapo hapo hewani.

Nikaanza kuhesabu, sijui nahesabu nini.

Kisha rangi ikarudi, masikio kwanza.
Macho bado ameyafumba.
"Pili," akasema Murdo,
"si wa tisa. Nimefikiri. Labda wa arobaini."
Senga akaushusha mkono.
"Arobaini na moja," akasema.