Fomu ya Dakta Lepasaar

Mimi ndiye karani wa kitivo, hapa Tartu,
ghorofa ya pili, mlango unaokwama theluji ikianguka.
Kila Februari kazi yangu ni kuwapima wasomi:
naingiza jina, nabonyeza,
nasubiri kama anayesubiri mizani ya dukani itulie,
kisha naandika tarakimu kwenye safu ya kumi na nne.

Mwaka huu jina lilikuwa Maimu Lepasaar.
Fahirisi yake: saba.
Yaani makala saba zilizonukuliwa mara saba au zaidi,
baada ya miaka thelathini na mmoja.
Kijana wa ghorofa ya tatu, ndevu hazijakolea,
ana ishirini na sita.

Nikakuna kichwa. Nikachimba.
Makala yake iliyonukuliwa kuliko zote, mara mia na kumi,
ni ile aliyokosea.
Alisema maji ya kinamasi hupanda kabla barafu haijayeyuka;
kumbe kijiti chake cha kupimia ndicho kilichozama.
Mwaka uliofuata akajisahihisha mwenyewe, kurasa mbili,
bila kona, bila kisingizio.
Kurasa hizo zimenukuliwa mara nne.
Kosa lina mia na kumi, toba ina nne.
Mashine haimjui anayetajwa kwa kuaminiwa
na anayetajwa kwa kusutwa.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga.
Hawakusema nani apime mzingo wa chanda,
na kwa uzi gani.

Fomu inauliza: *Athari. Maneno mia mbili, yasizidi.*
Niziweke wapi Alhamisi elfu moja na mia sita
alizotembea juu ya mbao zinazooza,
buti hadi magotini, penseli mfukoni kwa kuwa wino huganda,
ili aandike sentimita kumi na tisa,
sentimita kumi na tisa,
sentimita kumi na nane na nusu?
Niyaweke wapi madaftari aliyomwazima Mlatvia mmoja,
naye akapata digrii, akapata kiti, akapata medali kule Riga,
akamshukuru katika tanbihi, jina limekosewa herufi?
Tanbihi hazihesabiwi.
Na herufi iliyokosewa huzaa mtu:
yumo M. Lepassar ndani ya hifadhidata,
hana anwani, hana uso,
ana nukuu hamsini na mbili.

Nilimfuata nalo kwenye chumba cha chai.
Tukiwaunganisha, nikamwambia, fahirisi inafika kumi na moja.
Alicheka hadi miwani ikaingia ukungu.
"Mwache maskini," akasema, "naye apate cha kwake."

Tuzo alipewa yule wa ghorofa ya tatu. Sina kinyongo naye:
alivaa tai ya kuazima, karatasi ikimtetemeka mkononi,
na mama yake, aliyekuja kwa basi kutoka Võru,
alipiga makofi kabla jina halijatajwa.
Lepasaar alikaa safu ya nyuma. Akapiga makofi naye,
kwa nguvu, kama anayekung'uta mkeka,
halafu akatoka kabla ya keki.
Ilikuwa Alhamisi.

Nikaomba lifti, na viatu vyangu vya ofisini.
Kilomita arobaini katika gari linalonuka mboji,
kisha mbao, kisha ukimya,
misonobari mifupi kama watoto waliogoma kukua;
ana umri kunizidi, ule pale, akanionyesha,
mti usionifika kifuani.
Akapiga magoti. Akafuta barafu kwenye kijiti kwa kiganja.
Akanipa daftari.

"Ishirini na mbili."
Nikauliza: na nusu?
Akainama tena, pua karibu iguse maji,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko hotuba yoyote ya asubuhi ile.
"Na nusu," akasema. "Andika."