Kistari

Kwenye fomu pana nafasi nne za jina:
la mtoto, la baba, la babu, na mwisho la kabila.
Karani wa shule yetu hapa Sinaw alijaza tatu.
Ya nne akapiga kistari,
kifupi, kimenyooka, kwa rula.
"Hawa hawana," akaniambia, akafunga faili.

Suwelim bin Dhahi bin Marhun, kistari.
Darasa la tatu, meza ya nyuma,
chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji ndooni.
Mimi ndiye niliyemketisha pale.
Nilisema ni kwa sababu ni mrefu.
Si mrefu.

Alhamisi hayupo. Kila Alhamisi.
Daftarini nimemtia alama nyekundu wiki kumi na moja,
utadhani kuku kaparua.
Mwalimu mkuu akasema, mwandikie mzazi.
Nikaandika, Kiarabu cha ofisini,
tunasikitika, tunatumaini, sahihi, muhuri wa buluu.
Jumapili barua ikarudi mkononi mwa mtoto:
wameifungia mkasi wa darasa,
ule butu uliokuwa ukitafuna karatasi badala ya kuikata.
Sikujua kama aliuchukua.
Umenolewa.
Na barua yangu ina mafuta ya mashine
palepale nilipoandika "mustakabali".

Basi nikaomba ruhusa, nikasingizia jino.
Alhamisi saa mbili asubuhi nikaenda sokoni
na kisu changu cha jikoni ndani ya mkoba, kama mwizi.
Nikapita mnada wa mbuzi, nikapita wauza kamba za ngamia,
nikawakuta mwisho kabisa, ukutani, penye kivuli chembamba.
Baba ameinamia kinoo, cheche zinamrukia ndevuni.
Suwelim anazungusha gurudumu, na mdomo haupumziki:
"Majambia matatu, mia tano mia tano,
mzee huyu tumempunguzia mia mbili,
riyali moja na baisa mia tatu. Haya, nani mwingine?"
Mtoto niliyemuuliza habari ya matufaha matatu
akanitazama kimya mpaka kengele ikalia.

Aliponiona, gurudumu likasimama.
Akamwambia baba yake neno moja, la kwao.
Sitaliandika. Si langu.

Dhahi akakipokea kisu, akakipitisha kwenye ukucha, akaguna.
"Mwalimu, Alhamisi ndiyo tunayokula.
Nikikupa Alhamisi yangu, Ijumaa utanipa nini?"
Nilikuwa na jibu la semina. Nikalimeza.
Mama yake, amekaa juu ya boksi la zana, hakuinua uso:
"Yule aliyemwita mwanangu jina lile darasani,
ulimwambiaje?"
Nikasema sikusikia.
Nilisikia.

Nilisikia kwa masikio ya miaka minane,
mwaka tuliotoka Unguja, mimi na suruali ya kaka yangu
chini ya gauni la shule,
nilipoulizwa jina nikajibu kwa Kiswahili
na darasa zima likaangua kicheko.
Mwalimu wangu aligeukia ubao.
Aliandika tarehe, polepole, vizuri sana.
Mpaka leo naujua mgongo ule kuliko uso wake.

Jumapili nikamwambia, "Suwelim, hamia mbele."
Akatikisa kichwa.
"Hapa nyuma, mwalimu, namwona anayerusha."
Nikabaki na kiti kitupu mkononi,
watoto ishirini na tisa wakinikodolea macho,
maji yakidondoka ndooni, to, to.
Nikalitaja jina lile mbele yao, kwa sauti,
nikasema, humu halitamkwi tena.
Sauti yangu ilitetemeka. Mmoja akacheka.
Nilikuwa nimechelewa, wiki kumi na moja, au miaka hamsini.

Alhamisi nikaacha mahali pake peupe.
Mwalimu mkuu akaweka kidole: "Yupo au hayupo?"
Nikasema, "Yuko kwenye hesabu."
Hakuelewa, au alielewa; kalamu nyekundu aliiacha mezani.

Mkasi bado unakata.
Karatasi zinaachana zenyewe, bila kelele,
hata za yule mtoto aliyemwita vile,
ambaye kila somo la sanaa
huwa wa kwanza kuuomba.