Hodi kwenye Sanduku la Tisa

Hodi.
Najua hutaitika, ila siwezi kufungua bila kubisha.
Dokta Kokushubira hunicheka,
halafu naye, chini chini, husema hodi.

Wachimba msingi wa ghorofa, Kurasini,
walikukuta umelala ubavu, magoti kifuani.
Wakazima mtambo. Mmoja akavua kofia.

Mfupa uliomshinda fisi
mimi nimepewa mswaki wa shilingi mia tano
na beseni la maji.

Nakusugua taratibu.
Mistari kwenye meno ya mbele: hapa njaa,
hapa labda homa, ukiwa na miaka mitatu hivi.
Gego la kwanza ndilo mbea:
limetunza maji uliyonyweshwa utotoni,
na si maji ya pwani hii,
ni ya mawe makongwe, bara huko.
Bara ipi? Mashine ingesema,
umeme umekatika tangu saa nne.

Langu mimi limejaa Kibondo.
Miaka ishirini ya bomba la Mwananyamala
haijalibadili neno.

Fupa la paja lilivunjika,
likaunga, limepinda kidogo.
Miezi yote ile hukuweza kwenda kisimani.
Kuna aliyekuletea uji,
akakugeuza usiku, akafukuza nzi.

Huyo hayumo sandukuni. Hana namba.
Fomu ina safu ya umri, ya jinsia, ya kimo;
nimemwandika pembeni, kwa penseli,
na Dokta amepitia ukurasa wote
na kifutio mkononi,
asimguse.